Bomba Linalorudisha Wimbi: Historia ya eksozi iliyobadilisha mbio za pikipiki

Nenda kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, uulize namna ya kuipa pikipiki nguvu zaidi. Kabla hujamaliza kuuliza, mtu atakujibu: kata sailensa. Hoja yake inaeleweka. Injini inapumua, sailensa inaiziba pua, ukiitoa itapumua vizuri. Na ushahidi si huo hapo, husikii mlio?

Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo inayodumu mtaani kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba bomba la moshi linaweza kuiongezea injini nguvu. Tena si kidogo: kuna injini moja ndogo ya cc 125 ambayo kwa kubadilishiwa bomba, pamoja na marekebisho mengine, ilifikia nguvu ambazo wahandisi wengi wa wakati wake hawakuziota. Lakini bomba lenyewe halikuwa limekatwa wala kufunguliwa. Lilikuwa na tumbo katikati na mkia mwembamba mwishoni, kama samaki aliyeshiba. Yaani bomba lililoongeza nguvu kuliko yote lilikuwa bomba lililobanwa!

Leo tuwasimulie bomba hilo lilivyozaliwa katika mji mdogo wa Ujerumani Mashariki, lilivyovuka mpaka kichwani mwa mtu aliyetoroka, na kwa nini aliyelielewa zaidi hakuvaa taji la dunia hata mara moja. Tukimaliza tutarudi kijiweni.

Bomba kama mlango wa kutokea

Magari ya kwanza yalikuwa na kelele za kutisha farasi. Mwaka 1897 ndugu wawili wa Columbus, Indiana, kule Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya sailensa ya gari. Wazo lao lilikuwa kumtuliza moshi kabla hajafika hewani. Tangu hapo kukawa na kambi mbili: watu wa barabarani waliotaka utulivu, na watu wa mbio waliotaka nguvu. Wa mbio walichukulia sailensa kuwa mzigo. Walitaka bomba fupi, nyoofu, lililo wazi.

Katika uwanja wa Brooklands nchini Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1907, majirani walichoka na kelele hadi wakaenda mahakamani, na miaka ya 1920 magari na pikipiki za mbio zikalazimishwa kuvaa sailensa maalumu. Ugomvi huo tunaufahamu vizuri, maana mpaka leo unaendelea katika mitaa yetu.

Kambi zote mbili ziliamini jambo moja: kwamba bomba ni mlango wa kutokea tu. Moshi ukishatoka, kazi imekwisha. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kuvunjwa, na iliyoivunja ni injini iliyokuwa ikidharauliwa.

Injini inayopoteza chakula chake

Injini hiyo ni ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wetu huiita tustroki. Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa nayo, na misumeno mingi ya kukatia miti inayo hadi leo. Haina vali za kufunguka na kufunga kichwani kama fostroki. Ina matundu tu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe inapopanda na kushuka ndiyo inayoyafunika na kuyafunua.

Pistoni ikishuka, kwanza inafunua tundu la kutolea moshi. Ikiendelea kushuka inafunua matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya wa petroli na hewa. Kwa hiyo kuna muda ambapo matundu yote yako wazi pamoja. Mchanganyiko mpya unaingia, moshi wa zamani unatoka, na vyote viwili vinapishana ndani ya chumba kimoja kidogo.

Tatizo unaliona hapo. Sehemu ya mchanganyiko mpya inapitiliza na kutoka na moshi. Ni kama kumimina chai kwenye kikombe kilichotoboka ubavuni. Tena ubaya zaidi, pistoni inapopanda inafunika kwanza matundu ya kuingizia, halafu tundu la moshi ndilo linalofungwa mwisho. Katika nafasi hiyo pistoni inasukuma petroli mbichi nje, bila kuchomwa. Ndiyo maana tustroki zilijulikana kwa kula mafuta na kutoa moshi wa bluu, na ndiyo maana watu wa mbio wengi waliona injini ya kweli ni fostroki.

Mji wa Zschopau

Mahali ambapo tustroki iliheshimiwa ni Zschopau, mji mdogo katika milima ya Saxony. Hapo Jørgen Skafte Rasmussen, mzaliwa wa Denmark, alijenga kampuni ya DKW, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa pikipiki duniani. Mwaka 1939 DKW walitoa pikipiki ndogo, nyepesi na rahisi kutengeneza, RT 125.

Kisha vita. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, Zschopau ikaangukia upande wa Wasovieti, na mitambo ya kiwanda ikafunguliwa na kupelekwa Urusi kama fidia. Michoro ya RT 125 nayo ikawa mali ya washindi. Waingereza wakaitoa kama BSA Bantam, Wamarekani kupitia Harley-Davidson wakatengeneza ya kwao, Wasovieti wakaiita Moskva. Mwaka 1955 hata kampuni ya Japani iliyojulikana kwa ala za muziki ilianza biashara ya pikipiki kwa kuifuata RT 125. Kampuni hiyo ni Yamaha. Kwa hiyo tunaposimulia hapa chini jinsi maarifa ya Zschopau yalivyochukuliwa, kumbuka kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Sehemu ya watu wa DKW walihamia Magharibi, wakaanza upya Ingolstadt. Waliobaki Zschopau waliendelea chini ya serikali ya kikomunisti, na katikati ya miaka ya 1950 kiwanda kikapewa jina la MZ. Chuma kizuri kilikuwa adimu, fedha za kigeni zilikuwa adimu zaidi.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Kabla ya vita, DKW za mbio zilishinda kwa kutumia pampu maalumu ya kusukuma mchanganyiko ndani ya silinda kwa nguvu. Mwaka 1946 shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki lilipiga marufuku vifaa vya aina hiyo. Sasa ukitaka kuijaza silinda kuliko inavyojijaza yenyewe, ufanyeje? Pampu hairuhusiwi. Kilichobaki ni kutafuta kitu kinachosukuma bila kuwa pampu.

Fundi wa mbao aliyesikiliza moshi

Walter Kaaden alizaliwa mwaka 1919 huko Pobershau, kijiji kisicho mbali na Zschopau. Wakati wa vita alikuwa mhandisi katika kampuni ya Henschel, kwenye kazi ya Hs 293, bomu la Ujerumani ya Hitler lililoongozwa kwa redio. Vita vilipokwisha alirudi kwao, akafungua shughuli ya mbao, akitengeneza kenchi za mapaa kwa nyumba zilizobomolewa na mabomu. Jioni alikuwa anachezea RT 125, anaiwinda kasi. Mwaka 1953 kiwanda cha Zschopau kilimwita aongoze idara ya mbio.

Wazo la bomba lenye tumbo hakulianzisha yeye. Mhandisi Erich Wolf wa DKW alilitumia kwenye pikipiki ya mbio mwaka 1951. Vilevile Mjerumani Mashariki mwingine, Daniel Zimmermann, ndiye aliyeonyesha kwamba sahani nyembamba inayozunguka pamoja na krenki inaweza kufungua na kufunga njia ya kuingizia mchanganyiko kwa wakati unaoutaka. Alichofanya Kaaden ni kuyachukua yote hayo na kuuliza swali ambalo wengine walilipita: bomba hili linafanya kazi *kwa nini*?

Jibu liko kwenye mawimbi. Hebu tulielewe taratibu, maana hapa ndipo kiini cha habari yote.

Tundu la moshi linapofunguka, gesi yenye mgandamizo mkubwa inalipuka kuingia kwenye bomba. Mlipuko huo unatengeneza wimbi la mgandamizo linalokimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti. Kwa kweli ndilo sauti yenyewe: ule mlio unaousikia ni mawimbi hayo yakitoka nje. Zingatia kwamba wimbi na moshi ni vitu viwili. Moshi unajikokota, wimbi linautangulia.

Wimbi likifika mahali ambapo bomba linabadilika umbo, sehemu yake inarudi. Chukua mfano wa foleni ya mashabiki waliobanana mlangoni mwa uwanja wa mpira. Mtu wa nyuma akisukuma, msukumo unapita mtu hadi mtu kwenda mbele. Ikiwa mbele kuna ukuta, msukumo utagonga na kurudi nyuma vilevile ukiwa msukumo. Lakini ikiwa mbele geti limefunguliwa ghafla, wa mbele wanapepesuka kuingia uwanjani, wanaacha pengo, na pengo hilo ndilo linalorudi nyuma mtu hadi mtu. Msukumo umeenda, mvuto umerudi.

Bomba linafanya hivyohivyo. Mahali linapopanuka kama faneli ni kama geti lililofunguka: wimbi linarudi likiwa mvuto. Mahali linapofinywa tena ni kama ukuta: wimbi linarudi likiwa msukumo.

Sasa weka pamoja. Bomba la Kaaden linaanza jembamba, linapanuka polepole kuwa tumbo, halafu linafinywa haraka na kuishia kwenye mkia mwembamba. Wimbi likifika kwenye upanuzi, mvuto unarudi kwenye silinda. Mvuto huo unaufyonza moshi uliobaki, na kwa kuwa matundu ya kuingizia yako wazi, unauvuta pia mchanganyiko mpya uingie kwa wingi. Sehemu ya mchanganyiko inapitiliza hadi ndani ya bomba, kama kawaida ya tustroki. Lakini wakati huo wimbi limeshagonga sehemu iliyofinywa, na sasa linarudi kama msukumo. Linaikuta ile petroli iliyopotea mlangoni na kuirudisha ndani ya silinda, muda mfupi sana kabla pistoni haijafunga tundu.

Pampu iliyopigwa marufuku ikawa imerudi kwa mlango wa nyuma. Tofauti ni kwamba hii haina gia, haina mkanda, haina kitu kinachozunguka. Ni bati lililokunjwa tu, na linaendeshwa na kelele za injini yenyewe.

Hesabu ya nusu mzunguko

Mpaka hapo ni nadharia. Kwenye karakana, kila kitu kinategemea muda. Tufanye hesabu ndogo ya kukadiria.

Tuseme injini inazunguka mara 10,800 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 180 kwa sekunde. Tundu la moshi, kwa injini ya mbio, liko wazi kwa takriban nusu ya mzunguko, yaani kama 1/360 ya sekunde, au milisekunde 2.8. Kwenye moshi wenye joto kali, sauti husafiri kama mita 500 kwa sekunde. Katika milisekunde 2.8 wimbi linaenda mita 1.4. Lakini linatakiwa liende *na* lirudi, kwa hiyo sehemu iliyofinywa iwe kama mita 0.7 kutoka kwenye silinda. Ukiipima eksozi ya tustroki ya mbio utakuta urefu unaokaribiana na huo, sio kwa bahati.

Sasa punguza kasi ya injini hadi nusu, mizunguko 5,400. Bomba ni lilelile, wimbi linarudi baada ya milisekunde zilezile 2.8. Lakini tundu sasa linakaa wazi milisekunde 5.6. Wimbi linafika pistoni ikiwa chini kabisa, wakati mchanganyiko mpya ndio unaingia. Badala ya kuusaidia, linaupiga kofi la uso. Na wakati tundu linapofungwa, ule msukumo uliotakiwa umeshapita zamani.

Ndiyo maana pikipiki hizi zilikuwa mkorofi kuendesha. Chini ya kasi fulani hakuna kitu, inakohoa tu. Ukifika pale panapotakiwa, inaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Mwendeshaji alilazimika kubadilisha gia kila mara ili injini isitoke kwenye kipande chake kidogo cha mizunguko. Bomba halikutoa nguvu bure. Lilizichukua kwenye kasi nyingine zote na kuzirundika mahali pamoja.

Kaaden hakuridhika na makadirio. Alitumia osiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya haraka kama mstari kwenye kioo, kuangalia mawimbi yakienda na kurudi ndani ya bomba. Alikata, akachomelea, akapima, akakata tena. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilifika nguvu farasi 25 kwa mizunguko 10,800. Fanya hesabu: ni nguvu farasi 200 kwa kila lita. Hakuna injini nyingine inayovuta hewa yenyewe, bila pampu, iliyokuwa imewahi kufika hapo. Kwa kulinganisha, bodaboda ya kawaida ya cc 150 leo hutoa kama nguvu farasi 12.

Agosti na Septemba 1961

Mwendeshaji mkuu wa MZ alikuwa Ernst Degner, aliyekuwa pia mhandisi kwa mafunzo. Alizielewa injini hizi kwa ndani, hakuwa mtu wa kukaa juu na kuvuta mafuta tu. Mwaka 1961 alikuwa akigombea ubingwa wa dunia wa cc 125 dhidi ya Tom Phillis, Mwaustralia wa timu ya Honda yenye fostroki za kisasa na fedha za kutosha. Kiwanda kidogo cha Zschopau kilikuwa kinazitoa jasho.

Tarehe 13 Agosti mwaka huo, Ujerumani Mashariki ilianza kujenga Ukuta wa Berlin. Degner alikuwa na mke na watoto. Alikuwa anaona wenzake wa Magharibi wakilipwa vizuri kwa kazi ileile, huku yeye akisafiri chini ya macho ya watu wa usalama. Wakati huohuo kampuni ya Kijapani ya Suzuki, iliyokuwa ikishiriki mbio za Isle of Man kwa tustroki zisizofua dafu, ilikuwa imeanza kuzungumza naye kwa siri.

Tarehe 3 Septemba alishinda Monza, Italia. Tarehe 17 Septemba ikafika Grand Prix ya Sweden, mjini Kristianstad, na taji lilikuwa karibu mkononi. Injini yake ikafa mapema katika mbio hizo. Degner hakurudi na timu. Alivuka hadi Denmark, kisha Ujerumani Magharibi, ambako familia yake ilikuwa inavushwa katika siku hizohizo ikiwa imefichwa ndani ya gari. Ubingwa ulikwenda kwa Phillis.

Miezi michache baadaye Degner alikuwa Hamamatsu, Japani, akifanya kazi na wahandisi wa Suzuki. Mwaka 1962, katika daraja jipya la cc 50, alichukua ubingwa wa dunia kwa Suzuki. Lilikuwa taji la kwanza la dunia kwa injini ya tustroki. Mwaka uliofuata Suzuki wakachukua na la cc 125 kupitia Hugh Anderson.

Wasomaji wengine watasema: si bomba linaning'inia nje, kila mtu analiona? Ni kweli. Siku ya mbio yeyote angeweza kulipiga picha. Lakini umbo bila sababu yake halisaidii sana. Ukiliiga bomba la mita 0.7 na kulifunga kwenye injini yenye matundu ya vipimo vingine, wimbi litarudi wakati usio wake, na utapata pikipiki mbovu kuliko uliyokuwa nayo. Suzuki walikuwa wahandisi hodari na bado walikuwa wamekwama. Degner aliwapa uhusiano: bomba, matundu, sahani ya kuingizia na mizunguko ya injini ni mfumo mmoja, ukigusa kimoja umegusa vyote.

Nani alilipwa?

Kuna namna mbili za kulisimulia tukio hili, na kwenye mijadala watu hugawanyika. Wengine wanamwona Degner kama mwizi aliyeuza jasho la mwenzake. Wengine wanamwona baba aliyeiokoa familia yake na ukuta. Tunadhani zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa mpigo. Degner mwenyewe hakufaidi muda mrefu: mwaka 1963 aliungua vibaya katika ajali kwenye uwanja wa Suzuka, Japani, ambako mpaka leo kuna kona yenye jina lake. Alifariki mwaka 1983 huko Tenerife.

Kaaden alibaki Zschopau. Pikipiki zake ziliendelea kushinda hapa na pale. Mwaka 1963 Mike Hailwood alishinda Grand Prix ya Ujerumani Mashariki kwa MZ ya cc 250. Lakini MZ haikupata ubingwa wa dunia hata mmoja, na Kaaden akafariki mwaka 1996. Wakati huo tustroki zenye mabomba ya ukoo wake zilikuwa zimetawala karibu mbio zote. Yamaha, walioanza kwa kuifuata pikipiki ya Zschopau, walichukua ubingwa wa cc 250 mwaka 1964 kupitia Phil Read, na mwaka 1975 Giacomo Agostini akawapa taji la daraja kubwa la cc 500. Daraja hilo likabaki la tustroki hadi 2001, kabla sheria mpya kuzirudisha fostroki.

Barabarani tustroki zilishindwa mapema zaidi, na sababu ni ileile tuliyoanza nayo. Wimbi linarudisha petroli iliyopotea pale tu injini inapokwenda kasi iliyopangiwa. Kwenye foleni za mjini, petroli mbichi na oili vinaishia hewani. Sheria za uchafuzi wa hewa zilipokaza, tustroki ikaachia nafasi.

Turudi kijiweni

Bodaboda zetu nyingi sasa ni fostroki. Je, somo la Kaaden linazihusu? Linazihusu, ila kwa kiasi tofauti. Fostroki nayo ina muda mfupi ambapo vali ya kuingizia na ya kutolea moshi ziko wazi pamoja, na wimbi la mvuto likifika wakati huo linasaidia. Kwenye injini ya mbio muda huo ni mrefu, kwa hiyo bomba lililopimwa linalipa. Kwenye injini ya kubeba abiria na magunia muda huo umefanywa mfupi makusudi, ili injini ivute vizuri ikiwa polepole. Cha kuvuna ni kidogo.

Sasa ukikata sailensa umefanya nini? Umebadilisha mahali ambapo mawimbi yanageukia, bila kujua yalikuwa yanarudi lini. Kabureta ilipangwa kwa bomba la zamani, kwa hiyo mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi kuliko petroli, na injini ikachemka. Kinachoongezeka kwa uhakika ni kelele. Hata mngurumo wa Subaru unaopendwa Nairobi ni mfano mzuri: kwa sehemu kubwa ulitokana na mabomba ya urefu usiolingana, yanayofanya mipigo ya moshi ifike kwa kupishana vibaya. Matoleo ya baadaye yaliyosawazisha mabomba yalipoteza mlio ule, sio nguvu.

Na kelele ina mlipaji. Kiwango kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Dereva wa bodaboda anakaa juu ya bomba lake kuanzia alfajiri mpaka usiku, siku sita au saba kwa wiki. Abiria atashuka, jirani atafunga dirisha. Yeye habanduki.

Kwa hiyo fundi akikwambia akuongezee nguvu kwa kubadilisha eksozi, usimkatalie moja kwa moja. Inawezekana, na historia imethibitisha. Muulize tu maswali ambayo Kaaden alijiuliza: nguvu ziongezeke kwenye mizunguko mingapi? Zitapungua wapi? Urefu huu umeupata kwa hesabu gani, na kabureta utaipanga upya? Akiwa na majibu, umepata fundi. Akiwasha injini na kusema "si unasikia?", basi funga mkoba wako. Mlio ni wimbi lililokwisha kutoka nje. Lililofanya kazi ni lile lililorudi ndani.